Kwa nini ua la shaba linaoza uani kwetu? Uzi kuhusu vilima vya Katanga na kuzuka kwa spishi mpya

Mwalimu wa Kampemba

Jambo kwenu wote. Ninafundisha baiolojia hapa Lubumbashi. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alikuja na ua amelifunga kwenye karatasi ya daftari. Alilichuma upande wa Ruashi, mahali pa udongo wenye vijiwe vya kijani ambapo hapaoti mti wala kichaka. Kichwa cha ua kilikuwa na vijani vyeupe vimezunguka viua vidogo vya zambarau. Akaniambia: "Mwalimu, mama alipanda mbegu zake uani kwetu. Ziliota, halafu zikaoza. Lakini kule kwenye shaba yamejaa tele. Inakuwaje?"

Kengele ililia sijamjibu hata nusu. Tangu siku hiyo swali halijanitoka kichwani, ndiyo maana nimeamua kulifungulia uzi. Vitabu vyetu vya shule vikifika kwenye mada hii vinakimbilia visiwa vya Galápagos, na mtoto wa Katanga anabaki akidhani spishi mpya, yaani aina ya viumbe wanaozaana wao kwa wao tu, ni habari ya ng'ambo. Kumbe anazikanyaga akienda kuchota maji.

Ua lenyewe ni Haumaniastrum katangense, la jamii moja na mrehani. Wachimbaji huliita ua la shaba. Linapenda pia mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba, kwa hiyo waakiolojia wamelitumia kama alama ya kutafutia tanuri za kale.

Tuanze na udongo. Katika udongo wa kawaida, kilo moja ina shaba ya makumi machache ya miligramu. Kwenye vilima vya shaba kiasi hicho kinaweza kupita miligramu 10,000. Mbegu ya mti wa miombo ikianguka pale, mzizi unachungulia, unavimba ncha, unakomea hapo hapo. Ndiyo sababu ukitazama kwa mbali unaona msitu, halafu ghafla kilima cha nyasi tupu. Wafua shaba wa zamani, wale waliotengeneza ile misalaba ya shaba tunayoiona hata kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, waliujua mlima wenye madini kwa upara wake.

Vilima hivi vimetawanyika kuanzia huku kwetu, vikapita Likasi na Fungurume, hadi Kolwezi. Kati ya kimoja na kingine ni msitu. Kwa mmea mfupi wa jua kali, ambao kivuli cha miombo kinaumaliza, msitu huo ni bahari, na kila kilima ni kisiwa. Juu ya visiwa hivyo wataalamu wamehesabu aina za mimea zaidi ya 500. Thelathini na kitu kati yake hazipatikani mahali pengine popote duniani, ila juu ya udongo wa shaba na kobalti wa Katanga. Na kuna kimmea kimoja, Crepidorhopalon perennis, ambacho kinajulikana kutoka kilima kimoja tu: kile cha Étoile, ambacho wazee wanakiita Kalukuluku. Kilima kimoja, pembeni ya mji wetu!

Sasa mimea hii ilifikaje pale? Karibuni tujadiliane.

Katuba Moja

Mwalimu, mimi naona jambo hili ni rahisi. Mimea ilizoea. Mtu akitoka kwingine akija hapa, vumbi la kiangazi linamkohoza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kimya. Mmea nao ulikunywa shaba kidogo kidogo, ukazoea, ukazaa watoto waliozoea.

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu yangu wa Katuba, nashukuru umelisema wazi, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Hata wanafunzi wangu wazuri hujibu hivyo hivyo kwenye mtihani. Lakini sivyo. Mazoea ya mwili mmoja hayarithishwi hivyo. Kikohozi chako kikiisha, mwanao atazaliwa na mapafu yake mapya na atalianza vumbi upya.

Nikueleze tulichokifanya darasani. Tulichukua makopo ya nyanya, mengine tukatia udongo wa bustani, mengine udongo wa kilimani. Tukapanda lengalenga, yaani mchicha, kote. Siku nne za mwanzo watoto walifurahi, kwani mbegu ziliota pande zote mbili. Siku ya nane tuling'oa mche mmoja mmoja, tukailaza juu ya karatasi nyeupe. Mche wa bustani ulikuwa na mzizi mrefu kama kidole cha kati, wenye vinywele vya kushika udongo. Mche wa kilimani mzizi wake haukufika hata urefu wa ukucha, rangi ya kahawia, ncha butu kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Baada ya hapo majani yaligeuka manjano, yote yakafa. Tulisubiri hadi mwisho wa mwezi, haukuzoea hata mmoja.

Sasa sikiliza walichokiona wenzetu wa Uingereza. Huko Wales kuna migodi ya shaba iliyoachwa. Mtaalamu Bradshaw na wenzake walichukua mbegu za nyasi za malishoni, mahali pasipo na shaba, wakazimwaga kwa maelfu kwenye udongo wa mgodi. Karibu zote zilikufa. Chache mno zikabaki kijani. Hizo chache hazikufundishwa na mtu. Zilizaliwa zikiwa na tofauti ndogo katika jeni zao, tofauti ambayo huko malishoni haikuwa na kazi yoyote, pengine hata ilikuwa hasara.

Fikiria mama anayepepeta mchele. Ungo hauumbi mchele, unabakiza uliokuwemo na kupeperusha makapi. Udongo wa shaba ni ungo wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba waliobaki wanazaa, na kila kizazi kinaleta mchanganyiko mpya na mabadiliko mapya ya jeni, kisha ungo unapepeta tena. Huo ndio uteuzi asilia, ambao Darwin na Wallace waliutangaza mwaka 1858, na Darwin akauandikia kitabu kizima mwaka uliofuata.

Katuba Moja

Ungo nimeuelewa. Aksanti.

Himbi

Nasalimu kutoka Goma. Mwalimu, ungo wako unanipa mmea unaostahimili shaba, sawa. Lakini haujanipa spishi mpya. Mbwa wa kijijini na mbwa wa mzungu wana sura mbali kabisa, na bado wanazaa pamoja. Na hapa kwetu tuna sokwe wakubwa (gorila) wa Virunga wenye manyoya marefu ya baridi, halafu kuna wale wa Kahuzi-Biega. Je, ni spishi mbili au moja? Nani anaamua?

Mwalimu wa Kampemba

Swali hili ndilo kiini cha uzi wote, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Kupepeta peke yake hakutoshi, kwa sababu ya chavua. Weka nyasi zinazostahimili shaba juu ya mgodi, na nyasi za kawaida bondeni, hatua chache tu kutoka hapo. Upepo unavuma, chavua ya bondeni inapanda, watoto wanazaliwa machotara. Kila mwaka kilichokusanywa na ungo kinamiminiwa maji. Ili pande mbili zitengane, lazima kitu kizuie mchanganyiko huo. Mara nyingi kizuizi ni umbali, mto, mlima au, kama kwetu, kilometa nyingi za miombo kati ya kilima na kilima. Sokwe mtu yuko kaskazini mwa mto Kongo, bonobo yuko kusini, na hakuna kati yao anayeweza kuogelea mto ule. Wameachana kwa zaidi ya miaka milioni 1, na leo ni spishi mbili.

Lakini kile kilichonifanya niipende mada hii tangu nikiwa mwanafunzi kilitokea pale pale Wales, kwenye mgodi wa Drws-y-Coed. Pale hakuna mto wala msitu katikati, mpaka wa mgodi na malisho ni wa kuvuka kwa miguu. Hata hivyo watafiti wawili, McNeilly na Antonovics, waliandika mwaka 1968 kwamba nyasi za mgodini zilikuwa zinatoa maua mapema kuliko majirani zao, kwa tofauti ya kama wiki moja. Ni sawa na wauzaji wawili wa soko moja, mmoja anafika alfajiri akiondoka asubuhi, mwingine anafika jioni. Wako meza moja na hawajuani.

Kwa nini kalenda ibadilike? Mtazame chotara. Akiangukia mgodini, ustahimilivu wake ni wa nusu, shaba inamdhoofisha. Akiangukia bondeni, majirani wanaokua haraka wanamfunika. Basi mmea wa mgodini ambao kwa bahati ulizaliwa na tabia ya kuchanua kabla ya chavua ya bondeni haujaja, unapata watoto safi wa mgodini, na ndio wanaopona. Kizazi baada ya kizazi tabia hiyo inajaa. Uteuzi uleule uliochagua ustahimilivu sasa unajenga ukuta.

Kuna na njia nyingine, nayo ni ya ajabu zaidi kwangu. Huko California, mahali panapoitwa Copperopolis, walianza kuchimba shaba miaka ya 1860. Ua la porini Mimulus guttatus likahamia kwenye udongo wa mgodi. Watafiti walipolipandisha na ua la namna hiyo hiyo kutoka sehemu fulani za mbali, watoto wengi waligeuka manjano wakafa wakiwa wachanga. Muda mrefu walidhani jeni ya kustahimili shaba ndiyo inayowaua machotara. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba jeni ni mbili, zinakaa jirani kwenye kromosomu moja. Ile ya shaba ilichaguliwa na udongo, na jirani yake ikakokotwa pamoja nayo bila kuchaguliwa. Mmea ulikuwa unashughulika na kuishi tu kwenye udongo wenye sumu, na huku nyuma mlango wa kuzaa na ndugu zake wa mbali unajifunga.

Sasa sokwe wako. Wa Virunga na wa Kahuzi-Biega wataalamu wanawaweka katika spishi moja, Gorilla beringei, nususpishi mbili. Wametengana, wanaanza kutofautiana, ila hawajafika mbali. Hujakosea kuuliza nani anaamua, kwa sababu hakuna siku moja ambayo mama wa spishi ya zamani alizaa mtoto wa spishi mpya. Ni kama mapambazuko pale ziwani kwenu: unajua usiku, unajua mchana, lakini niambie dakika iliyovitenganisha.

Binti Ibanda

Mimi niko Bukavu, nimekulia kwenye mitumbwi. Mwalimu umetaja mlima na mto, mimi nalileta ziwa.

Ziwa Kivu zamani lilikuwa linamwaga maji kaskazini, kuelekea ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakapanda, hadi yakapata upenyo kusini, na ndipo Ruzizi ikaanza kushuka kwenda Tanganyika. Kivu iko mita kama 1,460 juu ya bahari, Tanganyika iko kwenye 770 hivi. Samaki gani atapanda ngazi hiyo? Ndiyo maana samaki wadogo wa mawe wa Kivu, wale jamii ya Haplochromis, undugu wao uko kaskazini, kwa samaki wa Edward na Victoria, ingawa maji yetu leo yanakwenda Tanganyika. Na wengi wao hawapatikani popote ila hapa.

Halafu jambo ambalo wanunuzi wengi wa soko la Kadutu hawalijui: yule samaki mdogo tunayemwita sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ngazi ya Ruzizi ilimzuia maelfu ya miaka, binadamu akamvusha kwa ndoo.

Mwalimu wa Kampemba

Yaya, umenifurahisha sana. Hilo la undugu kubaki kaskazini huku maji yakienda kusini nitalitumia darasani kesho, nikitaja kwamba nimelipata Bukavu.

Niongeze juu ya ndugu hao wa Victoria. Kuna spishi mbili za mwambani, mmoja buluu, mwingine mwekundu. Yule mwekundu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Wa buluu anakaa juu juu, mwekundu chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa wekundu wekundu. Macho yao nayo yamefuata mwanga wa makazi yao, na jike humchagua dume kwa rangi. Ukuta wao wote ni rangi na macho. Sasa mahali ambapo maji yamechafuka kwa tope, jike haoni vizuri, anachanganya, na watafiti wameona spishi mbili zikirudi kuwa kundi moja la rangi ya katikati. Hilo lilitangazwa mwaka 1997. Kwa hiyo spishi changa inaweza kufumuka kama mkeka ambao haujafungwa ukingo.

Mama Ruashi

Mwalimu, nasoma kimya tangu jana. Mimi ni mtu wa kanisa na Kitabu cha Mwanzo kinasema kila kitu kiliumbwa kwa jinsi yake. Watoto wetu mnawafundisha nini?

Mwalimu wa Kampemba

Mama, nakuheshimu, na mimi mwenyewe Jumapili niko kwenye benchi la kanisa na mke wangu. Sitamwambia mtoto wako aache kusali. Ninamwambia aangalie mzizi wa lengalenga, aangalie ua la Kalukuluku, na aseme alichokiona bila kuongeza. Kwangu mimi, kujua jinsi kitu kilivyofanyika hakujapunguza shukrani yangu kwa Aliyekifanya. Wapo Wakristo wengi wanaofikiri hivyo na wapo wasiofikiri hivyo, na mlango wa kuongea uko wazi.

Mama Ruashi

Nimekuelewa. Tutaongea.

Himbi

Mwalimu, naona hata Kiswahili chetu kimefanya hivyo. Ninyi Lubumbashi mnakula bukari, wenzetu wa Dar es Salaam wanakula ugali. Mkifungua mdomo nyote, mtu wa Zanzibar anashika kichwa. Tulitoka shina moja, tukatengana, kila mmoja akaota matawi yake.

Mwalimu wa Kampemba

Mfano mzuri, na nusu yake ni kweli tupu: utengano unaacha tofauti ndogo zirundikane. Lakini lugha inaazima hata baada ya kutengana. Kiswahili chetu kimebeba Kifaransa na Kibemba bila kizuizi. Spishi mbili za wanyama zikishafunga mlango kabisa haziazimani tena, kila kipya lazima kizaliwe ndani ya ukoo wenyewe.

Katuba Moja

Basi na sisi makabila, tukikaa mbali mbali tutakuwa spishi?

Mwalimu wa Kampemba

Hapana, na hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu mkoa wetu wote umeumizwa na maneno ya namna hiyo. Binadamu wote ni spishi moja, changa, yenye umri wa kama miaka 300,000, na hatujawahi kukaa mbali tukaacha kuoana. Reli ilifika hapa mwaka 1910 na tangu siku hiyo nenda mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, hesabu lugha za bibi na babu katika nyumba moja.

Mama Ruashi

Na lile swali la mtoto? Mbona mbegu za ua zilioza uani, wakati uani ndiko hakuna sumu?

Mwalimu wa Kampemba

Aksanti Mama, nilikuwa nimelisahau, na ndilo lililofungua uzi!

Udongo wa uani umejaa kuvu wa kuozesha miche. Mimea mingine ya bustani imezoeana nao kwa vizazi vingi, yaani ungo ulikwisha kuipepeta. Ua la shaba limeishi vizazi vyake mahali ambapo shaba yenyewe inawakandamiza kuvu. Ndiyo dawa hiyo hiyo ya shaba ambayo wakulima wanapulizia nyanya na zabibu. Majaribio yameonyesha kwamba ukilipanda ua hili kwenye udongo wa kawaida na kuutia dawa ya kuua kuvu, linakua vizuri. Halikupenda sumu kama sumu. Lilikimbilia mahali ambapo adui yake hawezi kulifuata, na kinga yake ya zamani, kama lilikuwa nayo, haikuwa na wa kuipepeta tena.

Ndiyo maana naumia nikiona kilima kinachimbwa chote hadi shimo. Mimi si mpinzani wa migodi, darasa langu limejaa watoto wa wachimbaji. Kuna sehemu za Katanga ambako tabaka la juu la udongo na mimea yake limehamishwa kabla ya mashine kuingia, na hiyo ni afadhali. Lakini mmea unaoishi kilima kimoja hauna kilima cha pili cha kurudia. Ulichukua maelfu ya vizazi kufunga mlango wake, na tingatinga linamaliza kazi hiyo kwa wiki.

Katuba Moja

Mwalimu, leo nilikwenda kwa mjomba, njia ya Likasi. Nyuma ya shamba lake kuna mahali tulipokuwa tunaokota vijiwe vya kijani utotoni, mti hauoti. Nimekumbuka uzi huu nikainama. Nyasi ni zile zile, juu na bondeni, naapa. Ila za kwenye kijani zimeshachanua zamani, ukizigusa vumbi la maua linapukutika mkononi. Za bondeni ndiyo kwanza zinachungulia. Hakuna hata hatua ishirini kati yao.

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu yangu, usiku huu silali. Ila tusikimbilie. Pale juu udongo ni mkavu na hauna kivuli, na ukame peke yake unaweza kuharakisha maua bila jeni yoyote kuhusika. Watu wa Wales walilijua hilo, kwa hiyo walizipanda za pande zote mbili katika bustani moja, na bado za mgodini zikatangulia.

Rudi zikikomaa. Bahasha mbili, andika "juu" na "bondeni" kabla hujatia kitu ndani, na usichume zaidi ya konzi moja kila upande. Makopo ninayo. Tutazipanda mvua za Novemba zikianza, udongo mmoja, jua moja, na watoto watahesabu siku.